Mtungi, Tone na Saa: Nani Aamue Mmea Unywe Lini?

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mchina aitwaye Fan Shengzhi aliandika namna ya kulima matikiti mahali penye mvua haba. Chimba shimo, alielekeza, tia samadi, kisha fukia mtungi wa udongo katikati, mdomo wake ulingane na ardhi. Ujaze maji, panda mbegu nne kuuzunguka, funika kwa kigae. Maji yakipungua, jaza tena. Kitabu chake hakikusalia kizima, lakini maelekezo hayo yalinakiliwa na waandishi wa baadaye, na mkulima wa leo anaweza kuyafuata yalivyo.

Siri iko kwenye ukuta wa mtungi. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa una vitundu vidogo mno ambavyo maji hupenya polepole. Watu wa pwani wanalijua hilo kwa kuugusa tu mtungi wa maji ya kunywa: unatoa jasho, na jasho hilo likikauka ndipo maji ya ndani yanapopoa. Ukiufukia, kazi ya upepo inachukuliwa na ardhi. Ardhi ikikauka inayavuta maji kwa nguvu. Ikilowa, mvuto unalegea na maji yanatulia ndani. Hakuna koki wala saa. Ardhi yenyewe ndiyo inayoamua. Mimi huvipanga vifaa vyote vya kumwagilia kwa swali hilo la nani anaamua, na naona humfaa mnunuzi kuliko picha iliyo juu ya boksi.

Jibu la pili, kwamba saa ndiyo iamue, nalo ni la kale. Katika vijiji vya Oman, maji ya falaj, ule mfereji unaoyaleta kutoka milimani kwa mteremko tu, hugawanywa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli, usiku kwa nyota. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya aina hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Zamu yako ikifika unafungua, mitende iwe na kiu au isiwe nayo.

Mtungi uliingia maabara mwaka 1908, pale Mmarekani Burton Livingston, mtaalamu wa fiziolojia ya mimea, alipochapisha njia ya kudhibiti unyevu wa mmea kwa kikombe cha udongo chenye vitundu kinacholishwa maji kutoka chombo cha pembeni. Vijiti vya kauri vinavyouzwa leo kwa maua ya sebuleni, vyenye mpira mwembamba wa kutumbukiza kwenye chupa au ndoo, ni wajukuu wa kikombe hicho.

Wakati huohuo Wamarekani wenye nyasi nyingi uani walikuwa wakitafuta mvua ya kutengeneza. Elijah McCoy, aliyezaliwa Kanada na wazazi waliotoroka utumwa Kentucky, alipata hataza ya kinyunyizio cha bustani mwaka 1899. Alikuwa ameshajulikana kwa kifaa chake cha 1872 kilichotia mafuta injini ya mvuke ikiwa inakwenda, bila mtu kuisimamisha. Mwaka 1933 Orton Englehart wa Glendora, California, akabuni kinyunyizio chenye mkono unaosukumwa na maji na kurudishwa na springi, tak-tak-tak, kichwa kikijigeuza kidogo kila pigo. Kinapendeza kukitazama. Lakini jua la adhuhuri na upepo hula sehemu ya maji kabla hayajatua, na majani yanayolala yamelowa hukaribisha ukungu.

Mapinduzi makubwa yalitokana na bomba bovu. Miaka ya 1930, katika Palestina ya enzi za Waingereza, mhandisi wa maji Simcha Blass alioneshwa mti mmoja ulionenepa kuliko wenzake bila mtu kuumwagilia. Karibu yake bomba lilikuwa linavuja. Juu ya ardhi unyevu ulikuwa kama kiganja. Alipochimba akakuta umetanuka kwa umbo la kitunguu hadi kwenye mizizi. Wazo likamkaa kichwani, ila mabomba ya chuma yalikuwa ghali na hayakufaa kazi hiyo. Ilibidi plastiki ya bei nafuu ije kwanza, baada ya vita.

Kutoboa tundu dogo kwenye mpira ni rahisi, na ndiko wengi tunakoanzia. Shida ni kwamba tundu dogo huziba kwa chembe moja ya mchanga. Blass, akisaidiwa na mwanawe, aliyapitisha maji kwenye mrija mrefu uliozungushwa mara nyingi. Njia ile ndefu ndiyo iliyoyapunguza nguvu, hivyo tundu likaweza kuwa kubwa kidogo na bado maji yakatoka tone kwa tone. Mwaka 1965 alitia saini mkataba na kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Hatzerim, jangwani Negev, na hapo ikazaliwa kampuni ya Netafim.

Teknolojia hiyo ingebaki ya wenye pampu kama asingekuwapo Mmarekani Richard Chapin, aliyeishusha hadi kwenye ndoo. Kuanzia mwaka 1996, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, iliueneza mfumo wake kwa wakulima wadogo: ndoo ya lita 20 juu ya kigingi cha mita moja, mipira miwili ya mita 15 kila mmoja, na chujio. Matundu yakiachana sentimita 30, ndoo moja inanywesha mashina 100 ya sukuma wiki. Unajaza asubuhi, unajaza jioni, basi. Uzito wa maji wenyewe ndio pampu.

Kimo hicho cha ndoo ndicho wanachosahau wanaonunua saa za kumwagilia. Maji yaliyo juu mita 10 hutoa shinikizo la takriban bar moja. Tangi la plastiki kwenye mnara wa mita tatu linatoa 0.3. Saa nyingi zenye koki ya sumaku huhitaji zaidi ya hapo ili zifunguke sawasawa. Mwenye tangi la uani atafute yenye koki ya tufe linalozungushwa na mota, na aulize dukani inafanya kazi kuanzia bar ngapi. Maji ya kisima chenye chumvi yataacha utando mweupe kwenye matundu, kwa hiyo achague mipira ambayo mwisho wake unafunguka ili aisafishe. Akipenda, aongeze kipima unyevu kinachoizuia saa kufungua ardhi ikiwa bado imelowa.

Kwa vyungu vitano vya barazani, saa ni gharama ya bure. Utambi wa pamba uliotumbukizwa kwenye ndoo ya maji, au kijiti cha kauri, unatosha. Kifunge wiki moja kabla ya safari, ungali nyumbani, na uweke alama ya kalamu kwenye ndoo kila asubuhi. Kama maji yameshuka nusu kwa siku tatu na wewe unakwenda kwa wiki mbili, ndoo hiyo ni ndogo.