Shira ya Sham: Sayyidna Umar na Vitamu Visivyo Sukari

Tunaulizwa mara kwa mara, hasa na wenye maradhi ya kisukari, juu ya shira zinazouzwa badala ya sukari: ya tende, ya zabibu, na hata ya yakoni, mzizi wa milima ya Andes huko Peru na Bolivia, unaokamuliwa maji yake yakachemshwa mpaka yakawa mazito. Je, kinywaji kilichopikwa namna hii hakiingii katika hukmu ya ulevi? Swali hili ni la kale.

Zama za Mtume (S.A.W.) sukari ya miwa haikuwa chakula cha watu wa Madina. Utamu wao ulikuwa tende, zabibu na asali, na Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume akipenda vitu vitamu na asali. Miwa ilienea Misri na Andalus baada ya Waislamu kuifungua Uajemi, ambako ikilimwa Khuzistan.

Amepokea Imam Malik katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (R.A.), aliyetawala mwaka 13 hadi 23 Hijria (634-644), alipofika Sham wenyeji walimshitakia maradhi ya nchi yao, wakadai hawatengenei ila kwa kinywaji chao. Akawaambia wanywe asali. Wakasema asali haiwafai. Ndipo maji ya zabibu yakapikwa mpaka theluthi mbili zikakauka, ikabaki moja. Sayyidna Umar akachovya kidole, akakiinua, shira ikavutika. Akaifananisha na lami wanayopakwa ngamia, akawaruhusu. Ubada bin Samit (R.A.) akamkabili: umewahalalishia! Sayyidna Umar akakana, akamshuhudisha Mola wake kuwa hahalalishi alichokiharamisha Yeye.

Tazama adabu ya watu wale: Khalifa hakukasirika kwa kupingwa, wala Ubada hakunyamaza kwa haya.

Mafaqihi wamelijadili sana jambo hili. Imam Abu Hanifa alilegeza katika kilichopikwa hadi theluthi. Mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan akamkhalifu, na jumhuri, wakiwamo Mashafii, wakasema kila kinacholevya ni haramu, kichache na kingi. Moto hausafishi kilichokwisha kuwa pombe. Unachofanya ni kuondoa maji kabla hakijachachuka, na shira nzito haichachuki kwa wepesi.

Kwa hiyo shira ya yakoni iliyopikwa ingali mbichi ni halali, kama ya tende. Ama faida yake kwa mgonjwa, hilo ni la matabibu. Sehemu kubwa ya utamu wa yakoni ni wa aina ambayo matumbo hayaumeng'enyi, na ukizidi hujaza gesi. Bali asali na shira ya tende ni sukari vilevile mwilini, hata zikiitwa za asili. Na chupa iliyotiwa maji ikaachwa hadi ikatoa povu na harufu ya tembo, hiyo imetoka katika hukmu tuliyoitaja.