Gavana Akitoka Anakwenda Wapi? Wachumi wa Malawi kati ya Benki Kuu na Siasa

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha: dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban kwacha 1,180 ikafika 1,700. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, muuza vitenge anayeagiza mzigo Tanzania kupitia Songwe alijikuta anahitaji karibu nusu tena ya mtaji wake kwa robota lile lile. Anayeishi kwa posho ya fedha taslimu alipunguza kipimo cha unga. Wakimbizi wengi hawapigi kura Malawi, lakini kwacha wanayo mfukoni. Kwa hiyo suala la nani anaongoza Benki Kuu, na akitoka anaelekea wapi, haliwahusu wakubwa wa Lilongwe peke yao.

Nadai kwamba uhuru wa benki kuu hutegemea zaidi matarajio ya gavana baada ya kuondoka kuliko usomi wake. Tumezoea kuamini kwamba mchumi akishika madaraka ataitii taaluma yake. Bingu wa Mutharika anatosha kutuondolea imani hiyo. Alikuwa mchumi, aliwahi kuiongoza jumuiya ya kibiashara ya COMESA, na alikuwa naibu gavana wa Benki Kuu kabla ya kuwa rais mwaka 2004. Hata hivyo mwaka 2011, foleni za mafuta zikirefuka na fedha za kigeni zikikauka, alikataa katakata kwacha ishushwe zaidi. Alifariki Aprili 2012; mwezi uliofuata serikali ya mrithi wake, Joyce Banda, ikaishusha kutoka kama 167 hadi 250 kwa dola. Elimu ilikuwapo tele Ikulu. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni benki yenye ubavu wa kumkatalia rais.

Goodall Gondwe alipita njia nyingine. Alikuwa amekwisha kuongoza idara ya Afrika ya Shirika la Fedha la Kimataifa alipokabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 2004, akikaribia miaka 70. Cheo cha kukimbilia hakuwa nacho tena. Mwaka 2006 Malawi ilisamehewa sehemu kubwa ya deni lake la nje. Msamaha huo ulitokana na mpango wa kimataifa uliomtangulia, kwa hiyo tusimvishe taji lote. Ila kusema hapana kulimgharimu kidogo kuliko kunavyomgharimu kijana mwenye ndoto.

Sasa watazame waliotoka benki wakaingia siasani. Mathews Chikaonda alitoka kiti cha ugavana mwaka 2000 moja kwa moja hadi Wizara ya Fedha. Dalitso Kabambe, gavana kuanzia 2017 hadi 2020, enzi ambayo dola ilitulia kwenye kwacha 730 na ushei, mwaka 2021 alikuwa tayari anautafuta urais, na mwaka 2025 akagombea kupitia chama cha UTM. Sisemi kwamba aliishikilia kwacha kwa ajili ya kura. Shida ni kwamba mwananchi wa kawaida hana namna ya kuhakikisha, na sarafu ikishatiliwa shaka, watu hukimbilia dola za mtaani.

Bunge la Malawi lina dawa mbili zilizo ndani ya uwezo wake: gavana anayeondoka asishike wadhifa wa chama wala uwaziri kwa miaka mitano, na kumbukumbu za vikao vinavyoamua thamani ya kwacha zichapishwe kwa ukamilifu gavana angali madarakani.