Siku ya Kufa kwa Shujaa

Desturi ya kuwakumbuka watu wakuu katika siku ile ile waliyofariki ni desturi kongwe, nayo imeenea katika Afrika ya Mashariki toka pwani hata bara. Waislamu wa mwambao wana hauli, siku ya kila mwaka ambayo watu hukusanyika kumwombea dua mwanachuoni au mtu mwema aliyetangulia mbele ya haki. Wakristo nao huenda Namugongo katika Uganda kila tarehe 3 Juni, siku ambayo wengi wa wafia dini walichomwa moto mwaka 1886. Na baadhi ya mahujaji hao hutoka Kenya kwa miguu, wakavumilia jua na mvua mpaka wakafika. Watu wa Tanzania hupumzika kazi tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume mwaka 1972, na tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Wote hawa wameichagua siku ya kufa.

Yafaa, msomaji, ujiulize sababu. Mtoto azaliwapo hapana ajuaye atakuwa mtu wa namna gani; hata mama yake hutumaini tu. Mtu afapo, kazi yake imekwisha, nasi twaweza kuipima kama fundi apimavyo ukuta uliokamilika. Tena wengi wa wazee wetu wa kale hawakuandikiwa siku zao za kuzaliwa, kwa kuwa watu walihesabu umri kwa marika, kwa njaa na kwa vita, si kwa tarakimu. Lakini iko sababu ya tatu, nayo ndiyo nitakayo kukuonyesha katika insha hii. Siku ya kuzaliwa hutaka pongezi. Siku ya kufa, hasa ya mtu aliyeuawa, hutaka maelezo. Hutuuliza nani alikufa, kwa nini, kwa mkono wa nani, na ni kazi gani aliyoiacha haijakwisha. Anayeiadhimisha siku hiyo bila ya kujibu maswali hayo amekula karamu ya matanga tu.

Tuchukue mfano wa karibu. Ukitoka Eldoret ukashika njia ya kusini, ukapita Mosoriot na Kapsabet, utafika katika vilima vya Nandi vilivyovikwa majani ya chai. Huko, mahali paitwapo Ket Parak, karibu na ulipo leo mji wa Nandi Hills, aliuawa Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905.

Koitalel alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi aliyeheshimiwa kwa uaguzi wake na ambaye mashauri ya vita hayakukatwa pasipo baraka yake. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot kabla yake, naye aliuawa na Wanandi wenyewe walipomlaumu kwa maafa yaliyoipata nchi. Wazee husimulia kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa nyoka atemaye moto na moshi, atakayetoka katika maji ya mashariki aende kunywa maji ya magharibi. Reli ilipoanza kujengwa toka Mombasa mwaka 1896, ikafika katika ziwa mwaka 1901, watu hawakuwa na shaka kwamba nyoka ndiye huyo.

Tangu mwaka 1895 Wanandi walipigana na Waingereza, wakaacha, wakapigana tena, kwa muda wa miaka zaidi ya kumi. Waya za simu zilikatwa zikafanywa mapambo, na misumari ya reli ikafuliwa kuwa silaha. Serikali ya kikoloni ilipeleka majeshi mara kwa mara, na kila mara vita vilionekana kama vimekwisha, kumbe moto ulikuwa chini ya majivu. Hatimaye afisa mmoja kijana wa jeshi la King's African Rifles, jina lake Richard Meinertzhagen, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alipanga kukutana na Koitalel ili wazungumze habari za amani. Katika mkutano huo Koitalel alipigwa risasi akafa, pamoja na watu kadhaa aliofuatana nao.

Sasa fikiri vema, msomaji, maana hapa ndipo historia inapotaka akili. Habari za asubuhi ile zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Meinertzhagen mwenyewe, aliyeishi miaka mingine 62 baada ya siku ile. Alichapisha shajara yake ya Kenya mwaka 1957, akafa mwaka 1967. Aliandika kwamba alikwisha kupata habari kuwa Koitalel amekusudia kumwua katika mkutano, naye akamtangulia. Njia ya pili ni masimulizi ya Wanandi, yasemayo kwamba kiongozi wao aliitwa kwa neno la amani akauawa kwa hila. Jeshi lilifanya uchunguzi, na afisa yule hakuadhibiwa. Lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hii. Wanahistoria waliochungua maandishi yake baadaye wameonyesha kuwa hakuwa mtu wa kusadikiwa kila alilosema kuhusu matendo yake mwenyewe. Wazee wetu walikwisha kutuonya kwa methali: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Je, twasema hivi ili tusisadiki maandishi yoyote? La, hasha. Tarehe yenyewe ya 19 Oktoba twaijua kwa sababu ya kalamu ya adui. Wanandi waliihifadhi habari katika vifua vyao, wakaitaja kwa jina la rika lililokuwa likishika silaha. Hawakuitia katika kalenda ya Kizungu. Basi kumbukumbu yetu yasimama juu ya miguu miwili: siku twaipata katika kitabu cha aliyeua, na maana ya siku twaipata katika vinywa vya waliofiwa. Mwenye kuutupa mguu mmoja atakwenda kwa kuchechemea.

Wala siku ile haikuwa mwisho wa habari. Baada ya kufa Koitalel jeshi liliingia nchini, maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakatekwa, na Wanandi waliokaa karibu na reli wakahamishwa. Ardhi iliyochukuliwa ikagawiwa walowezi. Uwanda wa Uasin Gishu ulipokea Makaburu waliokuja na magari ya ng'ombe mwaka 1908, na mji wetu wa Eldoret ulianzia katika shamba nambari 64, hata leo wazee wengine huuita Sisibo. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka 1923 kwa kushukiwa kuwa ataamsha vita upya. Alizuiliwa kwa miaka zaidi ya 40. Bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1963, yeye bado hakuwa huru, akaachiliwa mwaka 1964. Na fimbo tatu za Koitalel, zilizochukuliwa siku ya kuuawa kwake zikapelekwa Uingereza, zilirudishwa Kenya mwaka 2006, baada ya miaka 101. Twaona basi kwamba kifo cha siku moja chaweza kuwa na urefu wa karne nzima.

Hapo latokea jambo la kustaajabisha katika kalenda yetu. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Zamani iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa kuwa usiku wa tarehe hiyo mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Katiba ya mwaka 2010 iliibadili jina ili iwe ya mashujaa wote. Kwa hiyo Kenya haikufanya kama jirani yake Tanzania: haikuweka sikukuu ya taifa kwa kifo cha mtu mmoja, bali iliwakusanya wote chini ya siku moja. Shauri hili lina hekima yake, kwa maana nchi yenye makabila zaidi ya 40 ingeshindwa kumpa kila shujaa siku yake. Lakini lina hasara yake pia. Tarehe 19 hupita kimya, watu wakijitayarisha kwa gwaride la tarehe 20, na wengi wanaopumzika siku ya pili hawajui ni nani aliyeanguka siku ya kwanza. Anayekumbukwa pamoja na wote yu karibu na kusahauliwa kati ya wote.

Ndiyo maana tarehe ndogo, zisizo na sikukuu, zinahitaji watunzaji. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa pasipo alama wala jiwe. Hata baada ya uhuru, amri ya kupiga marufuku Mau Mau iliendelea kukaa katika sheria mpaka mwaka 2003. Sanamu yake ilipozinduliwa jijini Nairobi, siku iliyochaguliwa ilikuwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa kwake. Je, ingalichaguliwa siku hiyo kama wasingalikuwapo watu walioitunza tarehe ile katika miaka yote ya ukimya?

Tom Mboya naye aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969, naye hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja alihukumiwa akanyongwa mwaka huo huo, lakini swali la kuwa nani alimtuma halijaacha kuulizwa kila mwezi wa Julai ufikapo. Pamoja na swali hilo twakumbuka kazi: Mboya alikuwa miongoni mwa waliofanya mpango wa kuwapeleka vijana Marekani kwa ndege kwenda kusoma, ulioanza mwaka 1959. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa waliokwenda mwaka 1960. Naye alirudi akapanda miti, akapata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki tarehe 25 Septemba 2011. Ukiifuata tarehe moja ya kifo hufika katika uhai wa mtu mwingine.

Sitakuficha hatari mbili zilizomo katika desturi hii. Ya kwanza ni sifa zisizo na kipimo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na marehemu akisifiwa kupita kiasi, ni sisi tunaolitia maji lile tembo. Tukimfanya shujaa kuwa malaika asiyekosea, tumemwondoa katika wanadamu, na hapana kijana awezaye kumfuata malaika. Habari ya Kimnyole yatufundisha hapa: watu wale wale waliomheshimu ndio waliomwua, kisha vizazi vyao vikayasimulia maneno yake kwa hofu na heshima. Historia ya kweli hulisema jambo hilo waziwazi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kumbukumbu ya kifo ni kama moto wa jikoni: huivisha chakula, tena huweza kuichoma nyumba. Kabila likimkumbuka shujaa wake kwa kusudi la kuhesabu madeni ya jirani, maombolezo hugeuka kuwa mwito wa vita. Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuambiwa jambo hili kutoka mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wa mji huu na mashamba yake waliuana na kufukuzana kwa sababu ya siasa na ardhi, na wengine waliteketea ndani ya kanisa walimokimbilia. Wafu hao nao wana siku yao. Kijana wa Kinandi aijuaye tarehe ya Koitalel, na kijana wa Kikikuyu aijuaye tarehe ya Kimathi, kila mmoja na ajifunze tarehe ya mwenzake. Hapo watagundua kwamba bunduki zilizowaua wazee wao zilitoka katika ghala moja.

Basi ufanye nini, wewe uliye bado shuleni? Kwanza, chagua jina moja la mtu wa kwenu aliyetangulia, hata kama halimo katika vitabu: mwalimu, mkunga, mlinzi wa msitu, au mpiganaji. Tafuta siku aliyofariki. Pili, nenda kwa wazee wawili au watatu, si mmoja, maana msema pweke hakosi. Waamkie kwa adabu, waulize, uandike wanayosema kwa maneno yao wenyewe, kisha ulinganishe na yaliyoandikwa. Tatu, siku hiyo ifikapo mwaka ujao, wasomee wenzako uliyoyapata, pamoja na mambo ambayo masimulizi hayakupatana. Usione haya kutaja kutopatana huko, kwa kuwa ndiko kunakoonyesha kwamba umetafuta.

Ufanye upesi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1905 hawapo tena, na waliozisikia habari zile kwa vinywa vyao ni wachache sana. Kila mzee anayezikwa pasipo kuulizwa huenda na kitabu ambacho hakikupigwa chapa. Koitalel alipata bahati moja katika msiba wake, ya kwamba siku yake iliandikwa na pia ilisimuliwa. Wako maelfu wasioandikwa wala kusimuliwa, nao wanaingojea kalamu yako.