Ugatuzi: Kijiji cha Mkongani na kijiji cha India

Mkongani ni mojawapo ya wadi 20 za Kaunti ya Kwale, katika eneobunge la Matuga. Tangu uchaguzi wa Machi 4, 2013, wakazi wake humchagua mwakilishi mmoja katika bunge la kaunti. Kura yao haishuki chini ya hapo.

Kifungu cha 176 cha Katiba ya 2010 huzitaka kaunti kuyagatua zaidi majukumu yao kadiri inavyowezekana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikabuni baraza la kijiji, lenye msimamizi na wazee watatu hadi watano. Lakini msimamizi huajiriwa na bodi ya kaunti, naye huwateua wazee hao kwa idhini ya bunge la kaunti. Hakuna anayepigiwa kura.

India ilifuata njia nyingine, tena baada ya mabishano. Gandhi alitaka kijiji kiwe msingi wa dola. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba, alipinga, kwani kijiji alichokijua kilikuwa ngome ya ubaguzi wa tabaka za kuzaliwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Marekebisho ya 73, yaliyoanza kutekelezwa Aprili 24, 1993, yaliagiza vijiji, isipokuwa katika maeneo machache, viwe na panchayati, yaani baraza la kuchaguliwa. Angalau thuluthi moja ya viti ni ya wanawake, na tabaka zilizodunishwa hutengewa vyao kulingana na idadi yao.

Kila mpiga kura aliyesajiliwa kijijini ni mwanachama wa mkutano wa kijiji. Uzito wa mkutano huo, hata hivyo, huamuliwa na sheria za kila jimbo.