Mafuta Yalipoadimika

Gitaa la mjomba lilikuwa na ubao mweusi shingoni, na weusi wenyewe ulikuwa wa kupaka. Niligundua hilo mwaka 1971, nikiwa na miaka 15, kwenye kibanda cha useremala cha baba hapa Lushoto. Nilikuwa nimetumwa kulisafisha. Nikalowesha kitambaa kwa spiriti, nikasugua katikati ya freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao, kitambaa kikatoka cheusi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu wa miaka. Nikaongeza spiriti. Mti ukajitokeza, rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo niliposhtuka.

Mjomba alipokuja kulichukua alilishika kimya, akaligeuza huku na huku, kisha akasema, "Sasa mjomba, mbona umelichuna ngozi?" Baba akaurudisha weusi kwa dawa ya viatu. Tangu hapo mjomba alirudi kutoka kila dansi akiwa na vidole vya mtu anayepiga rangi viatu stendi.

Magitaa ya utoto wangu yalipanda mlimani yakitokea mkongeni. Mkonge nao una kisa chake: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ikazaa mashamba yaliyofunika nchi ya chini kutoka Tanga na Muheza hadi Korogwe, yakifuata reli iliyofika Mombo mwaka 1905. Wasambaa wengi walikuwa na migomba na mahindi yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kukata mkonge kwa mzungu. Wenye mashamba wakatafuta manamba mbali, Unyamwezini, Uha, Burundi. Watu hao walikuja na ngoma zao, na magitaa yakafuata. Ndiyo maana Tanga, mji wa pwani, ilikuwa na bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz Band, mshindani wa Atomic Jazz Band.

Mjomba alikuwa karani wa shamba moja upande wa Korogwe. Jumamosi alipiga rizimu kwenye dansi la wafanyakazi, na likizo alipanda nyumbani na gitaa lake ndani ya gunia. Huko chini uchafu wa gitaa ulikuwa na mapishi yake: jasho, mafuta ya nazi yaliyotoka kichwani, vumbi la barabara. Vikikaa pamoja pembeni mwa freti vinafanya utando mgumu, wa kijivu, na chini yake freti inaota kutu ya kijani, kwa kuwa aloi ya freti ina shaba ndani yake. Nyuzi zilikuwa shida nyingine. Ukikosa za dukani unafumua waya wa breki ya baiskeli, na waya huo unakula ubao kama msumeno.

Fundi wa magitaa hakuwepo Lushoto. Aliyekuwepo ni seremala, na nadhani hapo ndipo desturi yetu ilipopotea njia. Baba alijua mbao kama wengine wanavyojua ng'ombe. Akinusa tu takataka za randa anakwambia huu mkulo, huu mvule, huu mwerezi wa Shume. (Mwerezi wetu umepewa jina la Biblia tu, kwa ukoo hauhusiani na wa Lebanoni, wala si ule mwekundu wa Amerika wanaotengenezea nyuso za magitaa.) Babu ndiye aliyemsimulia habari za Wajerumani, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, jinsi kampuni ya Wilkins & Wiese ilivyotundika njia ya waya angani kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara bondeni, magogo ya mwerezi yakishuka yananing'inia juu ya magenge na makorongo, mengine yakaishie Ujerumani kuwa penseli. Baba aliweka penseli sikioni akisema anawakopa Wajerumani mti wao.

Seremala akimaliza meza huipaka mafuta ya kitani. Basi gitaa nalo likapakwa mafuta ya kitani. Yasipopatikana, ya nazi. Yasipopatikana ya nazi, ya ufuta, na nyumba moja huko Soni nilikuta samli, nisiulizwe zaidi. Mafuta ya kitani hukauka yakawa ngozi. Ya nazi na ya ufuta hayakauki vizuri, huchacha, yakashika vumbi na kunata kwenye vidole. Mwezi Julai, ukungu unapoingia hadi chumbani, gitaa la namna hiyo linanuka kama sufuria iliyosahauliwa.

Ushauri wa kupaka mafuta una kwao. Ulaya majira ya baridi nyumba hupashwa moto miezi kadhaa, hewa inakauka, ubao unasinyaa. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hapa shati lililofuliwa Jumatatu linaweza kuvaliwa Alhamisi likiwa bado na ubaridi. Ubao wa gitaa utaomba maji ya nini? Kilichouumiza ni safari. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, lakini unashuka zaidi ya mita 900, kutoka ukunguni hadi kwenye joto la kukaangia. Mti husinyaa kwa upana, chuma hakisinyai, kwa hiyo ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Wenzetu wa kusini waliliona hilo mapema. Magitaa ya Gallotone yaliyoundwa Afrika Kusini yalibandikwa karatasi ndani ikidhamini kwamba hayatapasuka. Gitaa la kwanza la John Lennon, miaka ya 1950, lilikuwa mojawapo. Ubao haukuwekewa dhamana yoyote.

Nilichojifunza nilifunzwa na dhiki. Baada ya vita vya Kagera, miaka ile ya mwanzo ya 1980, Lushoto haikuwa na sabuni, haikuwa na mafuta ya kula, na chupa ya mafuta ya kitani ungeiota tu. Foleni ya duka la ushirika ilianza alfajiri, na nani angetoa kijiko cha mafuta akampake mti? Mjomba alikuwa amestaafu, amerudi mlimani. Kila jioni alipomaliza kupiga alifuta nyuzi na ubao kwa kipande cha fulana kikavu, basi. Nyuzi zilipochoka alizichemsha kwenye sufuria, zikarudisha sauti kwa wiki moja. Mwaka 1985 alinipa nimbadilishie freti mbili zilizolika. Nikakaza macho kwenye ubao kama niliyeibiwa. Ulikuwa umetulia, vinyweleo vimefunga, umeng'aa kwa vidole vyake tu. Ile dawa ya viatu ilikuwa imekwisha zamani na hakuna aliyeikumbuka.

Tangu siku hiyo ninasafisha kwanza, na mara nyingi naishia hapo. Kadi ya plastiki ya kukwangua utando, mswaki mkavu kando ya freti, kitambaa chenye unyevu wa kupulizia, kisha kikavu. Ubao wa mti wa maple wa rangi ya asali, ule uliopakwa vanishi, haupakwi mafuta hata kwa dawa. Hayana pa kuingilia. Na mpingo, ambao ni jamaa ya mirozi (rosewood) ya magitaa ya bei, wote ni Dalbergia, ni mzito hata ukiutosa majini unazama, na umejaa mafuta yake. Niliwahi kuletewa kipande kutoka Handeni nikachonga ubao mzima. Kiliniulia patasi mbili, na unga wake ulinitoa mafua siku tatu. Miaka kumi na minane sasa sijaupaka kitu.

Mwezi uliopita kijana wa kwaya aliniletea gitaa lenye freti za kijani kibichi, zote. Alikuwa ameambiwa apake mafuta ya limau. Limau tunayo, imejaa hadi inaoza sokoni, akaikata akakamua. Nikamweleza kwamba kile kichupa cha dukani ni mafuta ya madini, limau ni harufu tu.

"Sasa bibi, utapona huo ubao?"

"Utapona. Lete hiyo fulana yako ya zamani."

Akacheka, akidhani natania. Nilikuwa naitaka kweli, yangu imetoboka.