Uendeshaji wa mkongo wa mawasiliano katika nyanda za juu za Ufipa

Mkongo wa mawasiliano wa Ufipa ni kipande cha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kinachoingia mkoani Rukwa kikitokea Tunduma, kikapita Sumbawanga na kuelekea Mpanda mkoani Katavi, pamoja na mitambo inayosukuma mwanga ndani yake, umeme unaoiendesha na mafundi wanaoitunza. Watu wengi wakisema mtandao humaanisha mnara. Mnara wa mji mdogo wa Rukwa kama Matai au Laela haufanyi zaidi ya kupokea sauti na data za watu walio karibu nao. Kuanzia hapo mzigo wote, iwe ni simu ya mkulima kwa dalali wa mahindi au muamala wa fedha dukani Namanyere, hubebwa na mitambo ya usafirishaji hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,150 kutoka Sumbawanga kwa njia ya Mbeya. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukata umbali huo kwa milisekunde 6 hivi.

Ukanda huu haukuwa pembezoni siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya telegrafu ya Cecil Rhodes, African Transcontinental Telegraph Company, ilivusha waya wake kutoka Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, ikauingiza katika koloni la Wajerumani na kuufikisha Ujiji. Lengo lilikuwa Cairo. Waya haukuvuka Ujiji. Zaidi ya karne moja baadaye ndipo Ufipa ilipopata mkongo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza mwaka 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na kufikia 2012 ulikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 7,560. Serikali iliikabidhi TTCL, shirika la simu la taifa, kazi ya kuuendesha. Kampuni ya simu ya Halotel, iliyozinduliwa mwaka 2015, ilikuja na mkongo wake yenyewe.

Kipande cha Sumbawanga hakiwahudumii wana-Rukwa peke yao. Ndicho kinachofunga mzunguko wa magharibi, unaotoka Mbeya kupitia Sumbawanga, Mpanda na Kigoma hadi Tabora na kurudi nyanda za kati. Mkongo ukikatwa kati ya Tunduma na Laela, mzigo wa Sumbawanga hugeuka na kwenda kaskazini. Katika mitambo ya usafirishaji ya aina ya SDH, kiwango cha kimataifa kinataka mgeuko huo ukamilike ndani ya milisekunde 50 baada ya hitilafu kugunduliwa, kiasi kwamba aliye katikati ya maongezi hatambui kitu. Ulinzi huo una hatari yake. Upande mmoja ukikatika na wateja wasisikie lolote, ni rahisi matengenezo kusogezwa hadi wiki ijayo, kisha hadi nyingine. Siku upande wa pili unapoguswa, mikoa miwili huzimika kwa pamoja. Kwa hiyo njia ya akiba iliyokatika inastahili kushughulikiwa kwa haraka ile ile ya mkato uliozima huduma. Nafasi ya akiba nayo isiuzwe yote: njia ya kaskazini iliyojaa haiwezi kubeba mzigo wa kusini.

Kwenye kituo cha uangalizi, msimamizi hufuata mambo matano ambayo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umeyapanga kuwa misingi ya kazi: hitilafu, usanidi, hesabu za matumizi, ubora na usalama. Kwa hali ya Ufipa, ubora ndio unaodai jicho kali zaidi. Uzi wa kawaida hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1550, hivyo baada ya kilomita 80 hubaki sehemu moja tu kati ya 40 ya mwanga ulioingia. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita zipatazo 223 kwa barabara. Bila vikuza mwanga njiani hakuna kitakachofika cha maana. Upotevu ukipanda kidogo kidogo mwezi hadi mwezi, mara nyingi maji yameingia kwenye kiungio au udongo umeukunja mkongo. Anayesoma rekodi hizo kila wiki huwahi kabla kengele haijalia.

Adui mkubwa wa mkongo uliofukiwa ni kijiko cha mkandarasi. Mkongo hufuata hifadhi ya barabara, na hifadhi hiyo hiyo hupitisha mabomba ya maji na mitaro. Ukikatwa, fundi huunganisha kipimo kwenye ncha moja, nacho hutuma mapigo ya mwanga na kusoma yanayorudi, kisha huonyesha umbali hadi penye mkato. Umbali huo ni wa uzi wenyewe. Kwenye kila chemba kuna mizunguko ya mkongo wa ziada, kwa hiyo kilomita 41 za kipimo zinaweza kuwa kilomita 39 za barabara, na asiye na michoro sahihi huchimba pasipo kitu. Akishapaona, hulivua ganda, huzipanga nyuzi kwa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia na kuendelea, huzisafisha kwa spiriti, huzikata wima na kuziyeyusha pamoja kwenye mashine. Uzi una unene wa mikroni 125, lakini kiini kinachopitisha mwanga ni mikroni 9 hivi. Vumbi la kiangazi cha Agosti linatosha kuharibu kiungio, ndiyo maana kazi hufanyika ndani ya gari au hema hata kama hali ya hewa ni tulivu.

Umeme ni nusu ya kazi. Kwa miaka mingi Sumbawanga imelishwa kutoka Zambia kwa njia ya kilovolti 66 inayotoka Mbala, na mradi wa njia ya umeme ya TAZA wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndio uliokusudiwa kuiunganisha na gridi ya taifa. Mitambo ya usafirishaji hutumia volti 48 za mkondo mnyoofu, na betri ziko kati yake na umeme wa nje. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi: baridi ya Juni hupunguza chaji ambayo betri inaweza kutoa, na hewa nyepesi huipunguzia jenereta nguvu. Ukiteremka bonde la Ziwa Rukwa, kuelekea Muze na Mtowisa, mambo hugeuka. Huko joto ndilo linaloua betri za risasi. Umri wake hupungua kwa karibu nusu kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10. Ratiba moja ya kubadilisha betri kwa mkoa mzima ni kosa.

Vijiji vya bondeni na vya mwambao wa Ziwa Tanganyika huweza kufikiwa kwa maikrowevu kutoka minara ya ukingoni mwa nyanda. Ukingo huo huwapa mafundi urefu wa bure, ila masafa ya juu hufifia mvua kubwa inapopiga, na mawimbi yanayopita juu ya ziwa hugonga maji na kurudi kuvuruga yale ya moja kwa moja. Radi za msimu wa mvua nazo hudai nyaya za minara zinazopeleka umeme wa radi ardhini zipimwe kabla ya Novemba.

Hatari nyingine iko nje ya nchi: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika nje ya mipaka ya Tanzania, na intaneti ikadorora nchini kote ilhali mkongo wa nchi kavu ulikuwa mzima. Tunduma ni miongoni mwa sehemu ambako Mkongo wa Taifa hukutana na mitandao ya Zambia. Kwa Sumbawanga, mlango huo wa kusini uko karibu mara tano zaidi kuliko Dar es Salaam.