Wanawake na Nyimbo za Mabaharia

Mwalimu wa fasihi simulizi afundishapo kimai, yaani nyimbo za mabaharia na wavuvi, aghalabu humtaja mwanamume peke yake. Mazoea hayo yana sababu, maana kazi ya tanga na nanga ilikuwa mikononi mwa wanaume. Lakini kuimba ni jambo moja, na kuuhifadhi wimbo ni jambo jingine. Historia ya nyimbo za merikebu za Uingereza na Marekani, ziitwazo shanti, yaonyesha kwamba wanawake wana sehemu kubwa katika jambo hilo la pili.

Shanti zilistawi katika karne ya 19, enzi ya merikebu kubwa za matanga. Hazikuwa nyimbo za starehe. Kiongozi alitoa mstari, wenzake wakaitikia, na katika maneno maalumu ya kiitikio wote wakavuta kamba kwa pamoja. Kutweka tanga kulikuwa na nyimbo zake, na kuzungusha duara ili kung'oa nanga kulikuwa na zake, kwa kuwa mapigo ya kuvuta si mapigo ya kutembea. Nyingi kati ya hizo ziliathiriwa na nyimbo za kazi za watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi, wakiwamo wapakiaji wa pamba katika bandari za Mobile na New Orleans.

Nchi kavu, wanawake nao walikuwa na kazi itokanayo na bahari. Wanawake wa Scotland waliofuata msimu wa samaki aina ya heringi, kutoka Shetland hadi Great Yarmouth, walifanya kazi watatu watatu: wawili wakipasua samaki, mmoja akiwapanga katika mapipa yenye chumvi. Walifunga vidole kwa vitambaa wasijikate kwa visu, na walijulikana kwa kuimba.

Injini za mvuke zilipochukua nafasi ya matanga, shanti zilipoteza kazi yake, na wimbo wa kazi usio na kazi husahaulika upesi. Hapo ndipo walipotokea wakusanyaji. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Laura Alexandrine Smith, ambaye mwaka 1888 alichapisha mjini London kitabu cha nyimbo za mabaharia wa mataifa mbalimbali.

Baada yake alikuja Joanna Colcord, Mmarekani aliyezaliwa baharini mwaka 1882 katika merikebu ya baba yake, aliyekuwa nahodha. Mabaharia wengi waliamini kwamba mwanamke huleta nuksi chomboni. Hata hivyo, manahodha wengi walisafiri na wake zao na watoto wao. Hivyo Joanna alikulia melini, akizisikia shanti zikifanya kazi yake halisi. Mwaka 1924 alitoa kitabu chake, Roll and Go, na mwaka 1938 akakichapisha tena kikiwa kimepanuliwa. Ubora wake ni kwamba alizipanga nyimbo kufuata kazi iliyofanywa, wala hakuzitenga na kamba na duara.

Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, baharia aliimba vilevile alipojua kwamba binti wa nahodha anasikia? Tena, kama wakusanyaji wengine wa zama zake, maneno ya matusi hakuyachapisha. Kwa hiyo tulichopokea ni wimbo uliopita katika sikio la mtu fulani, mwenye cheo na malezi yake. Jambo hili halipunguzi thamani ya kazi yake. Latufundisha kumchunguza mkusanyaji pamoja na wimbo wenyewe.

Siku hizi shanti huimbwa majukwaani, na wanawake huziongoza. Kikundi cha The Johnson Girls cha New York, chenye waimbaji wanawake watupu, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamba haipo tena, lakini kiongozi na waitikiaji wapo.

Nasi walimu tuna la kujifunza. Tuwatumapo wanafunzi kukusanya kimai, tusiwaelekeze kwa manahodha wazee tu. Wawaulize pia mabibi na mama waliopokea samaki ufukoni na kuyasikia majahazi yakitwekwa matanga. Yamkini wao ndio walioukumbuka wimbo ambao mwenye kuuimba amekwisha kuusahau.